Saa Ni za Nani? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Mapinduzi ya Viwanda ya Marekani

Maswali haya nimeyaokota kwa miaka kadhaa kutoka kwa wanafunzi wa sekondari, walimu wenzangu, na watu wazima wanaopenda historia bila kuwa na mtihani mbele yao. Mengine hurudi kila muhula. Mengine niliulizwa mara moja tu yakanikaa kichwani. Sikuyapanga kwa uzito, kwa hiyo unaweza kurukia unalolitaka. Atakayesoma yote atagundua kuna jambo moja ninaloling'ang'ania, nalo ni saa: siku ya mfanyakazi ilikuwa mali ya nani.

Viwanda vya Marekani vilianza lini, na wapi?

Tarehe inayotajwa sana ni 1790, mahali panapoitwa Pawtucket, Rhode Island. Huko kijana Mwingereza, Samuel Slater, alisimamisha mashine za kusokota nyuzi za pamba zinazoendeshwa kwa nguvu ya maji ya mto. Maji ndiyo yaliyoamua mambo mwanzoni: kiwanda kilifuata maporomoko, na mji ukafuata kiwanda. Injini ya mvuke ilipoenea ndipo viwanda vikaweza kujengwa popote penye makaa ya mawe na reli.

Hatua ya pili ilikuwa kubwa zaidi. Kuanzia 1814, huko Waltham, Massachusetts, kampuni ya Francis Cabot Lowell ilianza kusokota na kufuma chini ya paa moja: pamba inaingia mlangoni ikiwa marobota, inatoka ikiwa kitambaa. Lowell alifariki 1817. Wenzake wakajenga mji mzima wa viwanda kandokando ya Mto Merrimack katika miaka ya 1820, wakaupa jina lake.

Ni kweli kwamba teknolojia hiyo iliibwa Uingereza?

Kweli tupu. Sheria ya Uingereza ilikataza kusafirisha mashine za nguo nje ya nchi, na mafundi wake walikatazwa kuhama. Slater aliondoka akiwa na michoro kichwani. Lowell naye alizuru viwanda vya Uingereza kama mgeni mstaarabu, akatazama sana, akarudi nyumbani na kumpa fundi Paul Moody kazi ya kuunda alichokiona. Leo Wamarekani wakilalamika kwamba wengine wanawaiba ujuzi, mimi hutabasamu kidogo.

Kitambaa tulichokiita merikani kina uhusiano gani na habari hii?

Kina uhusiano wa damu. Marehemu bibi yangu aliita merikani kitambaa chochote cheupe kigumu cha pamba kisichopaushwa, kiwe kimetoka India au Morogoro. Hakujua kwamba alikuwa anataja viwanda vya Massachusetts.

Wafanyabiashara wa mji wa Salem, Massachusetts, walikuwa wameanza kuja Unguja miaka ya 1820. Mwaka 1833 Sayyid Said bin Sultan alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, miaka 6 kabla ya kutia saini na Waingereza, na mwaka 1837 Richard Waters wa Salem akafika Unguja kuwa konsuli wa Marekani. Mwaka 1840 jahazi la Sayyid Said, al-Sultana, lilitia nanga New York likiwa na mjumbe wake Ahmad bin Na'aman, limesheheni pembe za ndovu, karafuu, kahawa, tende na ngozi. Miongoni mwa vitu lilivyorudi navyo vilikuwa majora ya kitambaa.

Kitambaa hicho kilikuwa kizito, cha kudumu, na bei yake ilishindana na yoyote. Bara kilikuwa fedha. Msafara wa kwenda Tabora au Ujiji ulibeba merikani kwa ajili ya kununulia chakula, kulipia hongo kwa watemi na kulipa wapagazi, ikipimwa kwa mikono: mikono minne ni shuka, minane ni doti. Maneno haya bado tunayo midomoni.

Kilichokwenda upande wa pili ndicho kinachoumiza. Pembe za ndovu zilizoshuka pwani mabegani mwa wapagazi, wengine wao watumwa, ziliishia katika miji midogo ya Connecticut. Mmoja ni Deep River, na mwingine ulijipa kabisa jina la Ivoryton, yaani mji wa pembe. Huko zilikatwa vipande vyembamba, zikaanikwa juani ndani ya mabanda ya vioo hadi ziwe nyeupe, kisha zikabandikwa kwenye vibonyezo vya piano. Familia ya tabaka la kati huko Marekani ilipoweza kununua piano kwa sababu viwanda vimeshusha bei, ndovu wa bara letu walianguka zaidi. Sandarusi, ule utomvu mgumu wa miti, nayo ilipelekwa Salem kusafishwa, ikawa vanishi ya samani.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861–1865) vilikata pamba, merikani halisi ikaadimika, na nafasi yake ikachukuliwa na nguo za Uingereza na Bombay. Jina lilibaki.

Pamba yenyewe ilitoka wapi?

Ilitoka Kusini mwa Marekani, ililimwa na watumwa. Mwaka 1793 Eli Whitney alibuni mashine ya kuchambua pamba, kutenganisha nyuzi na mbegu. Kazi iliyokuwa ikimaliza siku nzima ya mtu mmoja kwa ratili moja hivi ikawa nyepesi. Mtu angedhani mashine hiyo ingepunguza haja ya watumwa, lakini ikawa kinyume: kwa kuwa kuchambua hakukuwa kikwazo tena, mashamba yalipanuka kuelekea Alabama, Mississippi na Texas. Kufikia 1860 watumwa walikaribia milioni 4, na pamba peke yake ilizidi nusu ya thamani ya bidhaa zote Marekani ilizouza nje.

Ndiyo maana sikubaliani na vitabu vinavyochora mstari kati ya Kaskazini ya viwanda na Kusini ya utumwa, kana kwamba ni nchi mbili zisizojuana. Binti huru wa kiwandani Lowell na mtumwa wa shambani Mississippi walishika uzi mmoja, kila mmoja kwenye ncha yake.

Kabla ya viwanda watu walifanyaje kazi? Hasa kilibadilika nini?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote.

Mkulima au fundi viatu wa New England wa 1780 alifanya kazi nyingi, pengine kuliko sisi. Lakini aliifuata kazi yenyewe: leo kuna nyasi za kukata, kesho kuna jozi nne za viatu za kumaliza. Akimaliza, amemaliza. Akitaka kusimama kuongea na jirani, anasimama. Kazi ilipimwa kwa kazi.

Kiwandani kazi ilipimwa kwa saa. Lowell ilikuwa mji wa kengele. Majira ya joto kengele ya kwanza ililia saa kumi na nusu alfajiri, na mageti yalifungwa nyuma ya waliochelewa. Kulikuwa na kengele ya kwenda kula na kengele ya kurudi, kisha jioni kengele ya kutoka. Kwa wastani ilikuwa saa 73 hivi kwa wiki. Wafanyakazi wa mwanzo walikuwa mabinti wa wakulima, wengi kati ya miaka 15 na 30, wakilala katika mabweni ya kampuni chini ya mlezi, na kwenda kanisani ilikuwa sharti. Kwa wengi wao ile ilikuwa mara ya kwanza kushika fedha yao wenyewe, na jambo hilo tusilidharau: wengine walisomesha kaka zao, wengine waliweka akiba ya harusi, na walikuwepo waliokwenda ili tu wasiwe mzigo nyumbani.

Mwaka 1834 kampuni zilipopunguza malipo, mabinti hao waligoma. Wakagoma tena 1836. Miaka ya 1840 Sarah Bagley aliongoza harakati za kudai siku ya kazi ya saa 10, akapeleka malalamiko kwenye bunge la Massachusetts. Hawakuipata wakati huo. Lakini angalia walichokidai: walitaka kurudishiwa saa zao.

Reli ilibadilisha nini zaidi ya usafiri?

Ilibadilisha jua. Sisi tunaosema saa moja asubuhi kwa kuhesabu tangu mapambazuko tunaweza kulielewa hili haraka kuliko Wazungu. Hadi 1883 kila mji wa Marekani ulikuwa na saa yake: adhuhuri ni pale jua linapokuwa utosini pa mji huo. Kati ya Boston na New York kulikuwa na tofauti ya dakika 12. Kwa anayepanda farasi haina maana. Kwa treni mbili zinazotumia njia moja, dakika 12 ni ajali. Kampuni za reli zilikuwa zikitumia saa tofauti kama 50 hivi.

Tarehe 18 Novemba 1883, bila kusubiri serikali, kampuni hizo ziliigawa nchi katika kanda za saa. Siku hiyo kuna miji iliyopata adhuhuri mbili, ile ya jua na ile ya reli. Sheria ya nchi ilikuja kuzitambua kanda hizo mwaka 1918, miaka 35 baadaye.

Mengine ya reli ni ya kawaida lakini makubwa. Mfereji wa Erie, uliofunguliwa 1825, ulikuwa umeshaunganisha New York na Maziwa Makuu kwa njia ya maji ya kilomita 584. Reli ikazidi. Tarehe 10 Mei 1869 njia mbili, moja ikitoka California na nyingine Nebraska, zilikutana Promontory, Utah. Upande wa magharibi maelfu kwa maelfu ya vibarua Wachina walipasua milima ya Sierra Nevada kwa baruti na nyundo. Mwaka 1882 Marekani ikapitisha sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina kuingia nchini. Shukrani ya punda.

Carnegie na Rockefeller walikuwa mashujaa au wanyang'anyi?

Wanafunzi hutaka neno moja. Sina.

Andrew Carnegie alifika Marekani 1848 kutoka Uskoti akiwa mtoto maskini, akaanza kazi katika kiwanda cha pamba kwa dola 1 na senti 20 kwa wiki. Mwaka 1875 alifungua karibu na Pittsburgh kiwanda cha chuma cha pua kilichotumia njia ya Bessemer, ya kupuliza hewa ndani ya chuma kilichoyeyuka ili kuunguza uchafu. Chuma cha pua kilichokuwa ghali kama kitu cha anasa kikawa bei ya reli, madaraja na nguzo za maghorofa. Alipouza kampuni zake mwaka 1901, likaundwa shirika la kwanza duniani lenye mtaji wa zaidi ya dola bilioni 1, U.S. Steel.

Mwaka 1892, huko Homestead, meneja wake Henry Clay Frick aliwafungia mageti wanachama wa chama cha wafanyakazi na kuleta walinzi 300 wa kukodi usiku kwa mashua. Pakawa vita, watu wakafa pande zote mbili, na chama kikavunjwa. Carnegie alikuwa Uskoti, mapumzikoni.

Baadaye alijenga maktaba zaidi ya 2,500 duniani. Ni sadaka nzuri. Ila katika vinu vya chuma watu wengi walifanya zamu ya saa 12, na zamu ilipobadilishwa kati ya usiku na mchana kuna waliosimama saa 24 mfululizo. Anayetoka hapo ataingia maktaba saa ngapi? Zamu ya saa 12 katika chuma cha pua iliondolewa mwaka 1923 tu.

John D. Rockefeller alianzisha Standard Oil mwaka 1870, Cleveland, Ohio, na ndani ya miaka 10 hivi ilikuwa imeshika kama asilimia 90 ya usafishaji wa mafuta nchini. Wakati huo petroli ilikuwa taka. Biashara ilikuwa mafuta ya taa. Yalisafirishwa ng'ambo katika mabati ya mraba, mawili kwa sanduku la mbao, na mabati ya namna hiyo ndiyo yaliyotuachia debe tunalopimia mahindi hadi leo. Mwaka 1911 Mahakama Kuu ya Marekani iliivunja Standard Oil ikawa kampuni 34. Rockefeller alikuwa na hisa katika zote, akazidi kutajirika.

Kwa nini Chicago ilikua haraka namna ile?

Mwaka 1840 Chicago ilikuwa na watu wasiofika 5,000. Mwaka 1890 walizidi milioni 1. Sijui mji mwingine wa karne ile uliokimbia hivyo.

Ilikaa mahali ambapo mashamba ya nafaka na malisho ya magharibi hukutana na maziwa na reli za mashariki. Cyrus McCormick alihamishia hapo kiwanda chake cha mashine za kuvunia mwaka 1847. Mashine zikatoka kwenda mashambani, ngano ikarudi. Mwaka 1865 yakafunguliwa mazizi makubwa ya Union Stock Yards, na Chicago ikawa bucha ya nchi nzima. Gustavus Swift aliyafanya mabehewa yenye barafu yafae kupeleka nyama Boston na New York, badala ya kusafirisha ng'ombe mzima ambaye nusu yake ni mifupa na ngozi.

Ndani ya machinjio hayo kulikuwa na jambo lililokuja kubadilisha dunia. Nguruwe alining'inizwa kwenye reli ya juu, akasogezwa kutoka kwa mtu hadi mtu. Mmoja anakata koo, wa pili anapasua tumbo, wa tatu anaondoa kichwa. Hakuna aliyehitaji kujua uchinjaji wote. Alihitaji kujua pigo moja, alirudie mara elfu kwa siku. Mchinjaji mwenye ujuzi alipoteza thamani, na kibarua aliyeshuka jana kutoka Poland au Lithuania akatosha.

Oktoba 1871 moto uliunguza katikati ya mji, watu 300 hivi wakafa na 100,000 wakakosa makazi. Mji ulijengwa upya kwa namna mpya. Mwaka 1885 lilikamilika jengo la Home Insurance, ghorofa 10, uzito wake ukibebwa kwa sehemu kubwa na mifupa ya chuma badala ya kuta nene. Bila lifti lisingekuwa na maana. Elisha Otis alikuwa ameonyesha mwaka 1854 breki inayoshika lifti kamba ikikatika, na kwa breki hiyo alipindua desturi ya kale: zamani ghorofa ya juu ilikuwa ya maskini, kwa sababu ya ngazi. Sasa tajiri ndiye anayekaa juu.

Na maji machafu? Yalimwagwa mtoni, mto ukaingia Ziwa Michigan, na ziwa ndilo lilikuwa maji ya kunywa. Mwaka 1900 wahandisi waligeuza Mto Chicago utiririke kinyume, kuelekea Mississippi. Walioko chini ya mto hawakufurahi.

Maisha mitaani yalikuwaje?

Anayejua Kariakoo au Eastleigh wakati maji yamekatika anaweza kuanza kupata picha. New York, katika mtaa wa Lower East Side, familia nzima ilikaa chumba kimoja au viwili katika jengo la ghorofa tano au sita, vyumba vya kati vikiwa havina dirisha, choo kikiwa uani kwa wapangaji wote. Kifua kikuu kilikuwa jirani wa kudumu. Jacob Riis, mhamiaji kutoka Denmark, aliingia humo na kamera na unga wa kuwashia mwanga, na picha zake zilizochapishwa mwaka 1890 ziliwashtua wenye nyumba za fahari. Sheria ya New York ya 1901 ililazimisha nyumba mpya kuwa na madirisha, uwazi wa hewa na vyoo vya ndani.

Waliokaa humo wengi walikuwa wageni. Kituo cha Ellis Island, kilichofunguliwa 1892, kilipokea watu kama milioni 12 hadi kilipofungwa 1954. Sensa ya 1920 ndiyo ya kwanza kuonyesha kwamba zaidi ya nusu ya Wamarekani wanaishi mijini, ingawa mji kwa hesabu yao ulianzia watu 2,500 tu. Kwetu hicho ni kijiji chenye gulio.

Watoto nao walifanya kazi viwandani?

Ndiyo. Sensa ya 1900 ilihesabu watoto kama milioni 1.75 wa miaka 10 hadi 15 walioajiriwa. Wengi wao walikuwa mashambani, jambo ambalo husahauliwa, lakini waliokuwa viwandani na migodini ndio waliogusa mioyo. Pennsylvania, wavulana walikaa juu ya mfereji wa makaa ya mawe wakichambua mawe kwa vidole. Viwanda vya nguo vya Kusini vilipenda watoto kwa sababu mikono yao midogo iliunganisha nyuzi haraka. Kuanzia 1908 Lewis Hine aliwapiga picha, wakati mwingine akijifanya muuza Biblia ili aruhusiwe kuingia. Bunge lilipitisha sheria mwaka 1916, Mahakama Kuu ikaitengua 1918. Ulinzi wa kweli ulikuja na sheria ya kazi ya 1938, ileile iliyoweka kima cha chini cha mshahara, senti 25 kwa saa, na kuelekeza wiki ya kazi kwenye saa 40.

Kwa nini sisi tunaadhimisha Mei Mosi, na Wamarekani hawaiadhimishi?

Ajabu ni kwamba siku hii ni ya kwao. Tarehe 1 Mei 1886 mamia ya maelfu ya wafanyakazi nchini Marekani waligoma wakidai saa 8 za kazi: nane za kazi, nane za usingizi, nane za mtu mwenyewe. Chicago ndiyo iliyokuwa moto zaidi. Tarehe 3 polisi waliwapiga risasi wafanyakazi nje ya kiwanda cha McCormick. Kesho yake usiku, kwenye mkutano wa kupinga mauaji hayo katika uwanja wa Haymarket, mtu asiyejulikana hadi leo alirusha bomu katikati ya polisi. Polisi na raia wakafa. Wanaharakati 8 walihukumiwa, ingawa haikuthibitishwa kwamba hata mmoja alilirusha. Wanne walinyongwa tarehe 11 Novemba 1887, na mmoja alijiua kizuizini. Watatu waliobaki walisamehewa mwaka 1893 na gavana wa Illinois, John Peter Altgeld, aliyesema wazi kwamba kesi haikuwa ya haki.

Mwaka 1889 wanasoshalisti waliokutana Paris waliichagua 1 Mei kuwa siku ya wafanyakazi duniani. Serikali ya Marekani, ikiogopa harufu ya siasa hiyo, ilifanya Jumatatu ya kwanza ya Septemba kuwa sikukuu yake, mwaka 1894. Kwa hiyo mwalimu wa Dodoma na dereva wa Mombasa wanapovaa fulana za chama chao na kuandamana Mei Mosi, wanawakumbuka watu wa Chicago ambao Chicago yenyewe iko kazini siku hiyo.

Edison alivumbua umeme?

Hapana. Wala hakuwa peke yake kwenye balbu. Alichokifanya kikubwa ni mfumo mzima: mtambo, nyaya, mita, balbu inayodumu. Kituo chake cha Pearl Street, New York, kilianza Septemba 1882. Umeme wake haukuweza kwenda mbali. Wa George Westinghouse na Nikola Tesla uliweza, na mwaka 1896 umeme wa maporomoko ya Niagara ulifika Buffalo. Viwandani motor ndogo kwenye kila mashine iliondoa msitu wa mikanda darini iliyokuwa ikizungusha mashine zote. Na taa ilifuta kisingizio cha mwisho cha kwenda nyumbani jua likizama.

Henry Ford alifanya nini hasa?

Hakuvumbua gari, wala vipuri vinavyofanana. Vipuri vya kubadilishana vilianzia katika karakana za bunduki za serikali. Mwaka 1913, kiwandani Highland Park, Michigan, wahandisi wake waligeuza wazo la machinjio ya Chicago: badala ya kuchambua nguruwe, unajenga gari. Chasisi inasogea, mtu amesimama. Kazi iliyochukua saa 12 na nusu ikashuka hadi dakika 93. Gari lake la Model T, lililouzwa dola 850 mwaka 1908, lilishuka chini ya dola 300 katika miaka ya 1920.

Watu waliichukia kazi hiyo. Mwaka 1913 Ford alilazimika kuajiri zaidi ya watu 50,000 ili abaki na 14,000. Januari 1914 akatangaza dola 5 kwa siku ya saa 8, karibu mara mbili ya malipo ya awali. Watu huisimulia kama ukarimu. Mimi naiona kama bei ya kumfanya binadamu avumilie mstari ule unaosogea. Pia ilikuja na masharti: wakaguzi wa kampuni walikwenda majumbani kuangalia kama mfanyakazi analewa, anaweka akiba, na nyumba yake ni safi. Nyapara alikuwa ameingia hadi sebuleni.

Moto wa kiwanda cha Triangle ulibadilisha nini?

Tarehe 25 Machi 1911, Jumamosi jioni, dakika chache kabla ya kutoka, moto ulishika kiwanda cha blauzi katika ghorofa za juu za jengo la New York. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Inasemwa ni ili mabinti wapekuliwe mikoba kwa mlango mmoja. Ngazi za zimamoto ziliishia ghorofa ya sita. Watu 146 walikufa, wengi wao mabinti wahamiaji Wayahudi na Waitaliano, kadhaa kwa kuruka madirishani. Wenye kiwanda waliachiwa huru na mahakama. Lakini mmoja wa watazamaji barabarani alikuwa Frances Perkins, ambaye mwaka 1933 alikuja kuwa Waziri wa Kazi, mwanamke wa kwanza katika baraza la mawaziri la Marekani. Sheria ya 1938 niliyoitaja juu ina mkono wake.

Wamarekani weusi walipata nini katika viwanda hivi?

Kwa muda mrefu, mlango wa nyuma. Vita vya kwanza vya dunia vilipopunguza wahamiaji kutoka Ulaya, viwanda vya Kaskazini vilianza kuwaita watu weusi wa Kusini. Kufikia 1970 kama milioni 6 walikuwa wamehama kwenda Chicago, Detroit, Pittsburgh na kwingineko. Walipewa kazi za joto na za vumbi, wakapangishwa mitaa yao pekee, na majira ya joto ya 1919 ghasia za Chicago ziliua watu 38. Hata hivyo mshahara wa kiwanda uliwajengea nyumba na kusomesha watoto, ndiyo maana viwanda vilipofungwa wao waliumia mapema.

Viwanda hivyo viko wapi sasa?

Nguo zilihama mapema, kwanza kwenda Kusini, kisha ng'ambo. Chuma kilifuata: Septemba 1977 kiwanda kikubwa huko Youngstown, Ohio, kilitangaza kufungwa, na maelfu wakarudi nyumbani. Detroit, iliyokuwa na watu milioni 1.85 mwaka 1950, ilibaki na kama 639,000 mwaka 2020, na katikati ya hapo, 2013, iliomba kinga ya mufilisi. Moshi nao uliacha hesabu yake. Donora, Pennsylvania, Oktoba 1948, ukungu wa sumu uliua watu 20. Mwaka 1969 Mto Cuyahoga wa Cleveland ulishika moto, na si kwa mara ya kwanza.

Majengo mengi ya matofali mekundu bado yapo. Lowell limekuwa eneo la hifadhi ya taifa, unaweza kuingia ukasikia mitambo ya kufuma ikinguruma na ukatoka masikio yanavuma. Mimi ningependa zaidi kwenda Lewiston, Maine, mji mwingine wa pamba kando ya maporomoko. Tangu mwanzo wa karne hii Wasomali wengi wamehamia huko, na kati yao wapo Wabantu wa Somalia, baadhi wakiwa bado wanaongea Kizigua, wajukuu wa watu waliouzwa kutoka nyuma ya pwani yetu katika karne ya 19, enzi zilezile merikani ilipokuwa fedha. Sasa wanalima mboga nje ya mji, na wanapokwenda sokoni wanapita chini ya kuta za kiwanda cha nguo.